BWANA NYOKA: MWINDAJI ALIYEGEUKA MFUGAJI WA NYOKA

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi huku Kiminini tunashtuka hata kabla ya kuumwa. Nyoka akionekana tu kwenye shamba la mahindi, palizi husimama papo hapo. Mtu hupiga kamsa, watoto hutimua mbio, na kufumba na kufumbua mawe, majembe na rungu zimewasili. Hakuna anayeuliza huyu ni nyoka gani. Awe na sumu, asiwe na sumu, hukumu yake ni moja tu. Tena hata akishakufa bado anapigwa, halafu anachomwa moto, eti asije akafufuka.

Kwa jamii ya Wabukusu, ambao ni wengi katika sehemu hizi za Trans Nzoia na Bungoma, uadui huu ni wa tangu jadi. Nani asiyemjua Mango? Wazee hutusimulia kwamba palikuwa na joka kubwa lililokuwa likiwaangamiza watu. Mango, shujaa wa ukoo wa Bakhurarwa, akalivizia pangoni mwake na kulikata kichwa. Baada ya ushujaa huo akatahiriwa, na mpaka leo, ifikapo Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wetu hupashwa tohara huku habari zake zikiimbwa. Basi kwetu sisi kumuua nyoka ni uanaume wenyewe.

Mimi simlaumu Mango hata kidogo. Joka lile lilikuwa likimaliza watu, na mtu hawezi kukaa akitazama watoto wake wakiisha. Lakini leo nataka niwasimulie maisha ya mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu naye alikuwa mwindaji hodari, tena aliua wanyama wengi kuliko mtu yeyote tunayemjua sisi. Kisha, katika utu uzima wake, akaanza kuwashika nyoka wakiwa hai, akawapeleka nyumbani kwake, akawatunza, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Wazungu wenzake walimjua kama Ionides. Wenyeji wa kusini mwa Tanganyika, nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, walimwita Bwana Nyoka.

Jina lake kamili lilikuwa Constantine John Philip Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1901, katika familia yenye asili ya Kigiriki, na ndiyo sababu jina lake halifanani na ya Waingereza wengine. Alisoma katika shule ya Rugby. Ndiyo, hiyo hiyo iliyoupa jina mchezo wa raga ambao wavulana wengi humu shuleni wanauenzi. Hata hivyo, kijana Ionides hakuwa na moyo wa kukaa darasani na kutii kengele. Fikira zake zilikuwa porini. Alipenda kusoma habari za mwindaji mmoja maarufu aliyeitwa Frederick Selous, ambaye naye alikuwa amesoma shule hiyo hiyo miaka mingi kabla yake. Selous alikuja kuuawa tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati huo Ionides alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitano tu, karibu rika letu. Hakujua kwamba siku moja pori lile lile alimofia shujaa wake lingekuwa nyumba yake.

Alipomaliza shule alijiunga na chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa afisa katika kikosi cha South Wales Borderers, na akapelekwa Bara Hindi. Huko hakutosheka. Alichokitaka ni Afrika. Katikati ya miaka ya 1920 alifanikiwa kuhamishiwa King's African Rifles huko Tanganyika, lile jeshi ambalo babu zetu walilijua kwa jina la Keya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa tayari kuinama. Uanajeshi kwake ulikuwa njia tu ya kufika kwenye tembo.

Baadaye aliacha jeshi, na hapa ndipo nisipomficha mtu yeyote: Ionides alikuwa jangili. Alivuka mpaka kwenda Kongo, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji, akaua tembo bila ruhusa na kuuza pembe. Aliwahi pia kufanya kazi ya kuwaongoza matajiri waliokuja kuwinda kwa starehe. Halafu mwaka wa 1933, jamani, mtu huyo huyo akaajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika kuwa askari wa kulinda wanyama! Mtu angesema fisi amekabidhiwa bucha. Lakini kumbe aliyewahi kuwa mwizi ndiye anayezijua njia za wezi. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kituo chake kilikuwa Liwale, kusini mashariki mwa Tanganyika. Hii ni nchi ya Wangindo, nchi ya miombo, joto jingi na mbung'o. Watu wa huko walikuwa wameonja uchungu usio na kifani. Wakati wa Vita vya Maji Maji, kutoka mwaka wa 1905 hadi 1907, Wajerumani waliteketeza vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mahali palipokuwa mashamba pakarudi kuwa pori, na tembo wakaingia. Kazi ya Ionides ilikuwa kuwafukuza au kuwaua tembo walioharibu mashamba ya watu, na kuwawinda simba waliozoea kula binadamu. Mkulima aliyelimiwa na tembo usiku mmoja shamba la msimu mzima hakuhitaji kuelezwa faida ya askari huyu.

Lakini mambo yake hayakuwa mazuri yote, na haifai tumsifu mtu kama kwamba alikuwa malaika. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi kutoka sehemu ya magharibi ya Liwale kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Ionides aliunga mkono nchi hiyo iliyoachwa wazi iingizwe katika Hifadhi ya Selous, hifadhi iliyopewa jina la yule mwindaji wake wa utotoni. Hifadhi ikapanuka ikawa mojawapo ya zile kubwa kabisa duniani. Mwaka wa 1982 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka wa 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanafurahi, na wanyama walipata kwao. Ila Wangindo walioacha makaburi ya babu zao nyuma, nani aliyewauliza? Sisi wa Trans Nzoia, ambao tumekua tukisikia kesi za ardhi tangu enzi za walowezi, tunaweza kuelewa uchungu huo bila mwalimu.

Tena aliua wanyama adimu wengi, safari baada ya safari, ili ngozi na mifupa yao iwekwe katika majumba ya makumbusho, likiwemo lile la Coryndon jijini Nairobi, ambalo sasa ni Jumba la Makumbusho la Taifa. Siku zile watu waliona hiyo ni sifa. Leo mtu akifanya hivyo atalala korokoroni.

Basi kufikia miaka hiyo ya 1940, Ionides alikuwa amewinda karibu kila mnyama mkubwa ambaye mwindaji angetamani. Hapo ndipo alipowageukia viumbe ambao watu wote wanawakimbia. Mwanzoni aliwakusanya nyoka kwa ajili ya sayansi. Aliwahifadhi ndani ya vileo vikali kwenye machupa na kuwatuma ng'ambo. Mtu aliyewapokea alikuwa Arthur Loveridge, mtaalamu wa viumbe watambaao katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Huyu Loveridge hakuwa mgeni kwetu. Alifika Nairobi mwaka wa 1914 kuwa msimamizi wa makumbusho, na katika miaka ya 1930 alikuja mpaka Kaimosi na Mlima Elgon akitafuta nyoka, vyura na mijusi. Yaani wakati babu zetu walikuwa wakiwakimbia, kuna mtu aliyesafiri kutoka Marekani kwa meli kuja kuwatafuta.

Mizigo ya Ionides ilimshangaza Loveridge. Mwaka wa 1951 alichapisha ripoti nzima juu ya viumbe waliokusanywa na Ionides huko Tanganyika, na mwaka wa 1955 akachapisha ya pili. Humo mlikuwa na viumbe ambao sayansi haikuwa imewaandika. Nyoka mmoja mweusi anayeishi chini ya udongo alipewa jina la Ionides. Yuko pia kiumbe mwingine asiye na miguu, ambaye mtu akimwona atafikiri ni mnyoo mkubwa lakini ni jamaa ya mijusi, anayeitwa Loveridgea ionidesii. Kijimnyama hicho kimoja kinabeba majina ya wanaume wawili, yule aliyetafuta na yule aliyetafutiwa. Ama kweli kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini jambo lililomfanya Ionides awe tofauti na wakusanyaji wengine ni kwamba hakuishia kwenye machupa. Alianza kuwataka wakiwa hai. Hebu fikirieni tofauti iliyopo. Nyoka aliyekufa unaweza kumhesabu magamba na kumpima urefu, basi. Hawezi kukuonyesha anavyokula, anavyojibadua ngozi, anavyozaa, wala kinachomkasirisha. Aliye hai atakufundisha hayo yote, ila sharti moja: usimkosee hata mara moja.

Katikati ya miaka ya 1950 alistaafu na kuhamia Newala, mji mdogo ulio juu ya uwanda wa Wamakonde, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mtu mwingine akistaafu hujenga nyumba na kufuga ng'ombe wa maziwa. Yeye alifuga nyoka. Hakuoa. Nyumbani mwake mlikuwa na masanduku, na ndani ya masanduku mlikuwa na nyoka wenye sumu wa kila aina, wakingojea kusafirishwa. Aliwatuma kwenye bustani za wanyama na kwa wataalamu katika nchi mbalimbali. Mwandishi Alan Wykes aliandika kitabu juu yake mwaka wa 1960, na mwanamke mwandishi aitwaye Margaret Lane akafunga safari mpaka Newala, akaishi karibu naye, kisha akatoa kitabu chake mwaka wa 1963. Ionides mwenyewe alitoa kitabu cha maisha yake mwaka wa 1965. Kwa hivyo jina la Newala, mahali ambapo Wazungu wengi hawakuwa wamelisikia, likajulikana London kwa sababu ya nyoka.

Kazi ilifanyika hivi. Mwanakijiji akiona nyoka, hakumpiga. Aliacha mtu wa kumchunga kwa macho, naye akakimbia kwenda kumwita Bwana Nyoka, maana habari ya nyoka ililipwa. Ionides alifika na wasaidizi wake, Waafrika waliojifunza kazi hii mpaka wakaijua vilivyo. Ikiwa ni koboko wa kijani aliye juu ya mwembe au mkorosho, waliuzunguka mti, wakakata matawi ya pembeni ili nyoka asiwe na daraja la kutorokea. Kisha Ionides aliinua mti mrefu wenye kibano mwishoni, akamkaribia polepole, na kumbana karibu na shingo. Huyo koboko ni mwembamba, mwepesi kama umeme, na sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Mikono ikitetemeka, hapana kurudia.

Nyoka aliyesifika naye zaidi, hata hivyo, ni moma mkubwa wa msituni, yule ambaye Wazungu humwita kwa jina la Gaboni. Wasomaji wa huku msifikiri anaishi mbali, kwani hata msitu wa Kakamega unaye. Ni mnene, mzito, na ngozi yake ina marembo ya kahawia, manjano na zambarau kama mkeka uliosukwa na fundi. Akilala juu ya majani makavu unaweza kumpita hatua moja usimwone. Meno yake ya sumu yanaweza kufika sentimita 5, na hakuna nyoka mwingine duniani anayemshinda kwa urefu wa meno. Ukisikia sifa hizo utasema huyu ni shetani mwenyewe. Lakini Ionides aligundua kwamba moma huyu ni mpole ajabu. Alimgusa taratibu kwa fimbo kwanza kuona yuko katika hali gani, kisha akamshika nyuma ya kichwa kwa mkono mmoja na kumtegemeza mwili kwa mkono wa pili, kama mtu anavyombeba mtoto mchanga. Wengi wao hawakujaribu hata kuuma.

Wengine waliona hayo wakasema ana dawa. Si mnajua tulivyo? Mtu akifanya jambo tusilolielewa, lazima tuseme ni uchawi. Ionides hakuwa na hirizi yoyote. Alichokuwa nacho ni kuangalia kwa makini kwa miaka mingi. Alijua kwamba nyoka hana masikio ya nje kama yetu, bali huhisi mtikisiko wa ardhi, kwa hivyo hatua ya ghafula humtia hofu. Alijua kwamba ulimi ule unaotutisha hauna sumu yoyote, ni wa kunusia tu. Alijua kwamba nyoka mwenye sumu hamwindi binadamu, maana hawezi kummeza, na sumu ni mali ambayo hapendi kuipoteza bure. Anauma kwa sababu amekanyagwa, amebanwa au amekosa njia ya kutoroka. Haya si uchawi. Mwanafunzi yeyote wa bayolojia anaweza kuyajua.

Pamoja na hayo, mzoea punda hapandi farasi, na mzoea nyoka siku moja huumwa. Ionides aliumwa si mara moja, na baadhi ya vidole vyake viliharibika kwa ajili ya sumu. Nasema haya ili pasitokee mtu wa darasa langu akasoma makala hii nusu, akatoka mbio kwenda kushika nyoka kando ya mto. Huyo mzee alikuwa na ujuzi wa miaka na miaka, vibano, masanduku imara na wasaidizi, na bado aliumwa. Ujuzi unapunguza hatari lakini hauimalizi.

Mtu atauliza, nyoka hai walikuwa na faida gani kwa binadamu? Jibu ni hili. Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka mwenyewe. Tangu miaka ya 1890, wakati Mfaransa Albert Calmette alipoonyesha njia, wataalamu hukamua sumu kutoka kwa nyoka hai, na kumdunga farasi kiasi kidogo kisichoweza kumuua. Wanaongeza kiasi hicho kidogo kidogo. Mwili wa farasi hujifunza kupigana na sumu, hutengeneza askari wake ndani ya damu, na askari hao ndio wanaosafishwa na kutiwa katika chupa za dawa. Sasa angalieni: ukiua nyoka wote, umeua pia dawa. Na tena huwezi kukamua nyoka ambaye hakuna mtu anayejua kumshika, kumlisha na kumweka hai. Hapo ndipo watu wa kazi ya Ionides wanapohitajika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mateso. Alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia, na mishipa ya miguu yake ikashindwa kupitisha damu vizuri. Mtu aliyetembea kwa miguu pori zima la Liwale, kilomita baada ya kilomita nyuma ya tembo, akawa anachechemea. Si koboko wala moma aliyemweza, bali sigara! Wenzangu mnaojificha nyuma ya vyoo, mnasikia? Alifariki Nairobi mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 67. Mabaki yake yalirudishwa kusini, yakazikwa kwenye Mlima Nandanga, ndani ya lile pori la Selous. Mvulana aliyesoma habari za Selous akiwa shuleni amelala katika nchi iliyobeba jina la Selous.

Sasa tuyarudishe mambo haya kwetu, kwani msafiri hana budi kurudi kwao. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya. Adui wa mahindi yaliyo ghalani ni nani? Si nyoka, ni panya. Panya anakula, anachafua, anazaa ovyo. Na anayemfuata panya mpaka ndani ya shimo lake, mahali paka hafiki, ni nyoka. Mkulima anayeua kila nyoka bila kubagua halafu anakwenda dukani kununua sumu ya panya ananunua kwa pesa kitu ambacho alikuwa akipewa bure.

Sisemi tuwaache nyoka walale nasi kitandani. Moma yule mnene, anayelala njiani bila kutoroka, anaweza kumuua mtu au kumwacha kilema. Swila naye hutema mate ya sumu machoni. Katika mwezi wa Juni mwaka wa 2017, Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika, na wanaoumia zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto, yaani watu kama sisi. Kwa hivyo tuokoe maisha kwa kujua. Usiku tembea na tochi. Fyeka nyasi karibu na nyumba, usirundike kuni ukutani, vaa gambuti ukienda kupalilia. Mtu akiumwa, asikatwe kwa wembe, asinyonywe damu, asifungwe kamba ya kubana, wala asipotezewe wakati kwa jiwe jeusi. Mvueni pete na bangili kabla hajavimba, atulie, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, apelekwe hospitalini haraka. Akitemewa mate machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi. Kumkimbiza nyoka ili mwende naye hospitalini ni kutafuta mgonjwa wa pili.

Na yule ambaye moyo wake unawapenda nyoka kwelikweli, kama yupo miongoni mwetu, afanyeje? Kwanza ajue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka wa 2013 juu ya wanyamapori haimruhusu mtu kuchukua mnyama wa porini na kumfuga nyumbani bila kibali, na wanaosimamia jambo hilo ni KWS. Kwa hivyo nyoka wa kwanza wa mwanafunzi asiwe ndani ya sanduku chini ya kitanda cha nyanya yake. Awe yule aliye nyuma ya kioo katika Jumba la Makumbusho la Kitale, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka hapa. Makumbusho hayo yalianza mwaka wa 1926 kutokana na mikusanyo ya Kanali Hugh Stoneham, mpenzi mwingine wa viumbe, ambaye alipofariki mwaka wa 1966 aliiachia nchi mali hiyo. Jumba likafunguliwa mwaka wa 1974. Huko unaweza kumkazia nyoka macho dakika ishirini nzima, naye atakukazia pia kwa sababu hana kope za kufumba. Chukua daftari, andika unachokiona. Elimu ya Ionides ilianza kwa kuangalia, si kwa kushika.

Wapenzi wasomaji, Mango aliua joka moja lililokuwa likiua watu, akastahili heshima. Ionides aliwashika maelfu ya wanyama kwa bunduki, kisha kwa kibano, na heshima yake kubwa ikatokana na wale aliowaacha wakiwa hai. Mimi naona hawa wawili hawapingani. Mango alimjua adui wake kabla ya kumkata: alijua pango lake na saa ya kutoka kwake. Ionides naye alimjua kabla ya kumshika. Asiyejua ndiye anayerusha jiwe gizani, na jiwe hilo huenda likampiga nyoka asiye na hatia, au likamkasirisha yule ambaye angejiendea zake. Kwa hivyo siku nyoka atakapoonekana kwenye shamba la mahindi, kabla ya kunyanyua jembe, rudini nyuma hatua tano, mumpe njia, na mjiulize swali ambalo hatujazoea kujiuliza: huyu ni nyoka gani?